Wali wa Zambarau na Sukari ya Bibi Nong: Risala ya Wapika Rangi wa Naluo

Mgeni rasmi, Profesa Meng Shaoting wa taasisi ya mimea ya mkoa, mwenyekiti wa kijiji chetu, nesi wetu Huang Liqin, wazee, wageni mliotoka mabonde ya jirani, na nyinyi vijana mliosimama nyuma, ambao masikio mmetuazima lakini macho yako kwenye uwanja wa nyimbo: heri ya siku ya tatu ya mwezi wa tatu kwenu nyote.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi wanakikundi wa Wapika Rangi wa Naluo tunakupokea kwa mikono hii unayoiona. Usishangae kucha zetu kuwa nyeusi na za zambarau. Tumezisugua kwa ndimu tangu jana, zimekataa katakata kuonekana za waungwana.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo tunausema msemo huo bila kupunguza neno, kwa sababu yupo mwenyeji mmoja hapa mbele ambaye kupona kwake tumekuwekea wewe mkononi. Utaelewa tukifika kwenye maombi.

Risala hii tumeiandika kikundi kizima, na anayeisoma ni katibu wetu Lu Caiping, mke wa mtoto wa Bibi Nong Yuezhen. Bibi Nong ndiye mpika rangi mkuu wa kijiji, yule aliyekaa mstari wa kwanza na kitambaa cha buluu kichwani, na leo tutamtaja sana. Hakuonyeshwa risala hii kabla. Tunamwomba radhi mapema, na tunamwomba sana akae kwenye kiti mpaka mwisho.

TULIKOTOKA

Wewe mgeni wetu ni mtoto wa bonde la pili, kwa hiyo hatuna la kukufundisha kuhusu wali wa rangi tano. Unajua kwamba nyeusi hutoka kwenye majani machanga ya mti wa feng, yakitwangwa na kulowekwa kwenye sufuria ya chuma mpaka maji yawe kama wino. Unajua manjano ni ya maua makavu ya mimeng, na kwamba jani letu la bustanini, lile tunaloliita jani jekundu, hutoa nyekundu likichemshwa peke yake na zambarau likionjeshwa maji ya majivu. Nyeupe ni mchele wa kunata wenyewe, haujaguswa. Lakini majivu hayana adabu. Yakizidi kidogo tu, zambarau inakimbilia buluu, na mama wa nyumba anakimbilia kwa Bibi Nong huku analia.

Kazi hii Bibi Nong aliirithi kwa mama mkwe wake. Kila mwaka, asubuhi ya siku kama ya leo, mpika rangi mkuu huingia nyumba moja baada ya nyingine. Hupewa bakuli lililojaa, akala akamaliza, akasema, "Rangi imeshika." Hapo ndipo nyumba hiyo hupeleka wali makaburini kwa wazee waliotangulia, ndipo watoto nao hula. Akikosa kuingia nyumba fulani, nyumba hiyo itakaa mwaka mzima ikijiuliza imekosea wapi.

Na kwa wageni wa mbali ambao hawajakula kwetu, tunaongeza hili. Siku hii bakuli haliwekwi chini likiwa na wali ndani. Anayeacha hata punje ameiweka chini bahati ya mwenye nyumba, na kuku wataidonoa. Ndivyo tulivyolelewa, na tulikuwa tunaona raha, maana nani alishawahi kulazimishwa kula wali wa kunata akakasirika?

YALIYOMPATA BIBI NONG

Mgeni rasmi, Bibi Nong aliambiwa ana ugonjwa wa sukari miaka michache kabla ya wewe kufika kwetu mara ya kwanza. Kiu ilikuwa inampeleka mtungini usiku na mchana, akidhani ni joto la moto wa kupikia rangi. Nesi Liqin alimpima, akampa vidonge, akamwambia apunguze wali.

Neno hilo la mwisho lilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Alikuwa mtu wa wali tangu utoto. Alijiona kama fundi seremala aliyeambiwa asiguse mbao. Vidonge alivimeza, lakini kwa aibu, akijificha nyuma ya jiko, kana kwamba ameiba.

Ndipo ulipokuja wewe. Ulikaa kwenye kibanda chetu cha rangi, ukauliza maswali mengi, ukaondoka na mafungu ya jani jekundu. Baadaye tukakuona kwenye runinga ya Mzee Tan Bingsong, shemeji yake Bibi, kijiji kizima tumejazana sebuleni kwake. Ulisema rangi ya jani hili, mlipoijaribu kwenye vioo vya maabara, ilionekana kuchelewesha wanga kugeuka sukari. Ukasema pia kwamba kioo si mwili wa mtu, kwamba bado hamjui, na kwamba mgonjwa asiache dawa zake. Tuliyasikia yote, na hatuna la kujitetea. Tulisikia yote ila tukayashika ya mwanzo tu, kwa sababu yalikuwa matamu.

Bibi Nong alitoka sebuleni pale akitembea kama bibi harusi. Hebu fikiria furaha yake. Maisha yake yote mikono yake imelowa kwenye rangi ile, na sasa msomi mkubwa anasema huenda ndani yake mna msaada kwa ugonjwa uleule unaomtesa. Kwake yeye haikuwa habari ya mimea. Ilikuwa ni kurudishiwa heshima yake mezani.

Vidonge akavitia kwenye mtungi wa maua makavu, akafunika. Nesi Liqin alimfuata mpaka bustanini.

"Bibi, mbona huji kuchukua vidonge?"

"Vya nini tena, mwanangu? Dawa naipika mwenyewe."

"Profesa hakusema hivyo!"

"Msomi hamalizi neno, anaogopa wenzake. Sisi tunammalizia."

"Bibi, utajiua na huo wali."

"Ule mweupe ungeniua. Huu umevaa dawa."

Na hapo likaja kosa ambalo, tunasema kwa unyonge, lingeweza kufanywa na mpika rangi tu. Alifikiri rangi ikikolea, dawa imekolea. Akapika zambarau nzito isiyo na mfano, akaivukisha na mchele mwingi ili rangi yote ipate pa kukaa, akawa anakula bakuli asubuhi na bakuli jioni. Kumbe rangi yenyewe ni kidogo mno, na mchele unaoibeba ni wanga mtupu. Kila alipoongeza dawa alikuwa anaongeza sukari. Sisi tulimtazama tukamsifu kwa ule ujasiri wake. Wengine wetu tulianza kumuiga.

Siku moja alikuwa anachota majivu akakanyaga kaa la moto. Hakulia. Hakujua kabisa. Caiping ndiye aliyesikia harufu ya ngozi ikiungua, akadhani kuna kuku jikoni. Bibi alipoonyeshwa kidonda alicheka, akasema mguu wa mkulima una soli yake. Akaufunga kwa kitambaa cha buluu na akamkataza mkwewe asimwambie mtu. Na mkwewe, kwa heshima, akanyamaza. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mkwe anamfichuaje mama mkwe?

Mwaka jana, siku kama hii, aliingia nyumba kwa nyumba na mguu ule. Alikula, akasifia, akatania, akaenda nyumba ya pili. Alipofika kwa Mzee Tan alikuwa anatoka jasho kama mtu aliyebeba maji. Anasimulia mwenyewe kwamba alitazama bakuli akaona rangi tano zimekuwa moja, akajiambia, huyu Tan mwaka huu ameharibu kweli. Akafungua mdomo amseme, akaanguka.

Mzee Tan anasema alidhani anatania, kwa sababu alianguka na bakuli mkononi na wali haukumwagika.

Hospitali ya wilaya walimkata vidole viwili vya mguu. Siku tatu nzima alikuwa hajitambui vizuri. Alipofumbua macho Caiping alikuwa ameushika mkono wake, akilia. Neno la kwanza la Bibi lilikuwa hili:

"Kwa Tan rangi ilishika?"

"Ilishika, mama."

"Basi acha kulia, nipe maji. Na umwambie daktari hivyo vidonge nitavimeza mbele za watu."

Kuanzia siku ile amemeza. Hakukulaumu wewe hata mara moja, mgeni rasmi, na tunataka ulijue hilo maana tumesikia habari zilipokufikia ulikosa usingizi. Alichosema ni kwamba jani halina kosa, na Profesa hana kosa, ila hamu ya kula ndiyo haina masikio.

TULIYOFANIKIWA

Hatukukuita uje utusikitikie. Tumefanya mambo mwaka huu, na tuna haki ya kujivuna kidogo.

Kibanda cha rangi sasa ni mahali pa kupimia sukari. Kila siku ya gulio Nesi Liqin huja na kipimo chake, na anayetaka kununua jani jekundu hutoboa kidole kwanza. Wanaume walikuwa wanakwepa. Wanasema wao hawana shida, wamekuja kumsindikiza mke. Mpaka Bibi Nong alipomsimamia Mzee Tan mlangoni na fimbo yake.

"Leta kidole, Tan."

"Mimi mzima, shemeji. Nalala vizuri, nakula vizuri."

"Hata mimi nilikuwa nakula vizuri. Leta kidole."

Sukari yake ilikuwa juu. Bibi alimwangalia, akamwambia, "Mwenzangu, yaani damu yako ina utamu kuliko maneno yako." Tangu hapo Mzee Tan anameza vidonge, anatembea mpaka mtoni na kurudi kila alfajiri, na anamlazimisha kila mtu atoe kidole, utadhani yeye ndiye aliyekizua kipimo.

La pili, tumejifunza kuitoa rangi kwenye mchele. Kwa nini dawa, kama ni dawa, isafiri siku zote na mwizi? Tumepika tofu ya zambarau. Tumelowesha figili na mashina ya yungiyungi. Tumemenya mayai ya kuchemsha tukayatumbukiza, yakatoka mazuri hata watoto wanayaonea huruma kuyala. Si kila jaribio lilifaulu. Samaki mweusi wa mwezi wa tisa alikuwa aibu tupu, na paka wa mwenyekiti pia alimkataa. Hatusemi vyakula hivi vinatibu. Tumeshaungua midomo kwa kusema. Tunasema vinampa mgonjwa wa sukari nafasi ya kukaa kwenye sherehe na sahani yenye rangi mbele yake, asijione mkiwa.

Bustani ya jani jekundu imefika mpaka ukingo wa mto, na mabinti wanaojifunza kazi ni wengi kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Na Bibi Nong mwenyewe, miezi hii, sukari yake imeshuka ikatulia. Kidonda kimefunga. Amerudi kuimba nyimbo za kujibizana, na kwa bahati mbaya sauti haikukatwa pamoja na vidole. Daktari wa wilaya alimwambia wazi: akiendelea hivi atazeeka na miguu yake miwili. Akirudia ya mwaka jana, safari hii hawatakata kidole, watakata mguu, kama atafika akiwa hai.

YANAYOTUKWAZA

Watu wa mjini bado wanakuja kutaka jani la kutibu sukari. Tukiwauliza kama wanameza vidonge wanasema wameacha, kwa sababu wamesikia habari za Naluo. Tukiwanyima jani wanatuita wachoyo. Barabara ya kwenda hospitali, mvua ikinyesha, inakuwa mto. Hayo mwenyekiti anayajua na ametuahidi, nasi tunaendelea kumkumbusha kila tunapomwona, ndiyo maana siku hizi anapita njia ya nyuma.

Lakini kikwazo chetu kikubwa tumekifuga wenyewe, nacho ni lile bakuli. Mwezi uliopita tuliitisha mkutano kibandani. Tulisema, jamani, mwaka huu Bibi asipewe bakuli la kumaliza. Aonje kidogo tu kwa ncha ya vijiti, abakishe. Kila aliyekuwepo alikubali. Tukauliza, nani atakuwa wa kwanza kupokea bakuli lililobakishwa nyumbani kwake?

"Aanzie kwa wengine," akasema Mzee Tan. "Kwangu alianguka, hiyo peke yake inatosha."

"Si umesema unampenda shemeji yako?" tukamuuliza.

"Nampenda. Lakini marehemu baba naye ananitazama kaburini."

Bibi Nong alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza wote. Akasema mwacha mila ni mtumwa, na yeye hajazaliwa mtumwa. Akasema, "Nikibakisha kwa mmoja nimemlaani. Nikibakisha kwa wote nimejilaani mwenyewe. Vidonge nitameza, wali siku nyingine nitaacha, lakini siku ya tatu ya mwezi wa tatu nitaingia nyumba zote na nitamaliza mabakuli yote, na Mungu wa mbinguni anajua anwani yangu."

Caiping akalia. Akamwambia, "Mama, basi hakuna mtu duniani anayeweza kukufanya ubakishe?"

Bibi akacheka kile kicheko chake. Akasema, "Yupo. Siku Profesa Meng atakapobakisha wali kwenye bakuli langu mimi, nililopika mimi, mbele ya kijiji, siku hiyo na mimi nitabakisha kwa watu. Sasa lala, maana mtoto wa bonde la pili hawezi kunifanyia ufidhuli huo."

Bibi Nong, tafadhali, kaa. Risala haijaisha.

MAOMBI

Mgeni rasmi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hujamaliza hata asubuhi moja nasi tayari tunakupa kazi. Tusamehe.

Tunaomba utafiti wako utoke kwenye vioo uje kwa watu. Sisi tupo, na damu tunayo, na vidole vimeshazoea kutobolewa. Tupimeni, huku tukiendelea na vidonge vyetu, mwone kama rangi hii inasaidia kweli mtu anayekula na kulala na kugombana na jirani. Ikisaidia, tutafurahi. Isiposaidia, njoo utuambie hivyohivyo bila kuzunguka. Tutaendelea kuipika kwa sababu ni nzuri. Hatutaki tena tumaini la nusu sentensi.

Tunaomba pia, kabla hujaondoka, ushike kipaza sauti uwaambie watu wa mabonde yote waliopo hapa, kwa lugha yetu ya nyumbani na si ya ofisini, kwamba rangi haiondoi kidonge. Ukisema wewe wataamini. Nesi Liqin ameshasema mpaka amechoka.

Na ombi la mwisho ndilo lililotukosesha usingizi sisi.

Leo, kwa mara ya kwanza tangu Naluo iwe Naluo, hakuna nyumba iliyoonjewa. Tumeziomba zote zisubiri. Wali uko kwenye mapipa ya mvuke, watoto wana njaa, na Bibi Nong ana vijiti vyake mkononi, tayari kuanza safari ya nyumba kwa nyumba pindi tukimaliza kusoma.

Mbele yako pana bakuli. Wali uliomo ameuchemshia majani yeye, ameuvukisha yeye, na amekuchagulia wa zambarau uliokaa katikati ya pipa, ambao huwa haupewi mtu. Tunajua ni mtamu. Tunajua pia kwamba wewe ni wa kwetu, umelelewa na mama aliyekufundisha kumaliza bakuli, na kwamba tunachokuomba kitakuumiza mkono.

Chota wali kwa vijiti mara mbili tu, ule. Sifia, maana unastahili sifa. Kisha uliweke bakuli chini, limejaa, na uache liwe hivyo mbele ya macho yetu sote.

Atakasirika. Huenda akakuita jina ambalo hatuwezi kulisoma kwenye risala. Lakini ni mtu wa neno lake, na neno hilo alilitamka mbele ya mashahidi kibanda kizima. Akishabakisha yeye, Mzee Tan atabakisha. Akishabakisha Mzee Tan, wenye sukari wote wa bonde hili, na wale ambao bado hawajathubutu kutoa kidole, watakula kidogo na kuweka chini bila kuona haya. Wazee waliolala makaburini tumeshawaeleza. Tulipanda makaburini kwao juzi na uvumba tukawaambia kwamba bahati ya Naluo haijawekwa chini, imehamia kwenye miguu ya Bibi, na tunataka iendelee kutembea.

Profesa Meng, mvua ikunyeshee kwa kiasi, shamba lako lisikose kijani, na macho ya mama yako yaendelee kukuona ukirudi nyumbani. Wageni wengine huwa tunawashukuru kwa walichotuletea. Wewe tunakushukuru kwa utakachotubakishia bakulini.

Ni sisi,
Wapika Rangi wa Naluo